Shangazi, ninunue eafoni mpya au nivumilie hizi za dada?

Shikamoo Shangazi,

Huwa nasoma safu yako nikiwa kwenye taksi, na sikudhani iko siku ningekuandikia mimi, tena kwa jambo ambalo wengine watalicheka. Watu wanakuletea ndoa zinazovunjika na viwanja vilivyouzwa mara mbili. Mimi nakuletea eafoni. Nivumilie nieleze.

Nina miaka thelathini na mmoja. Nimezaliwa Arua, baba alikuwa askari, kwa hiyo tulikulia kambini na michezo yetu yote ya utotoni ilikuwa kwa Kiswahili. Kiswahili hichohicho ndicho kilichonipa kazi hapa Kampala: nakaa kwenye dawati la simu la kampuni inayohudumia wateja wa Tanzania na Kenya. Zamu ni masaa manane, siku tano kwa wiki. Naishi Bweyogerere na mke wangu, watoto wetu wawili na shemeji yangu mdogo anayesoma. Tuna chumba na sebule.

Mwaka 2022 dada yangu mkubwa, aliyeko Dubai, alinitumia eafoni zisizo na waya, zile zenye uwezo wa kufuta kelele. Hakuniambia bei, lakini najua mshahara wake, na najua alijinyima. Shangazi, zile eafoni zilinibadilishia maisha. Asubuhi jam inaanzia Kireka, inaendelea Banda mpaka Nakawa, na mimi niko kimya changu nasikiliza mawaidha au mpira. Jioni nyuma ya ukuta wetu kuna kanisa lenye spika mbili kubwa, shemeji anatazama mechi kwenye simu bila kupunguza sauti, watoto wanagombania kijiko. Naziweka masikioni, napumua.

Sasa zimeanza kunisumbua. Ya kushoto inazimika hata saa moja haijaisha. Ya kulia sauti imefifia, inabidi niongeze. Kazini nazitumia pia, kwa sababu hedifoni za ofisi tunabadilishana kati ya zamu na zamu, sponji zimechanika, na ukizivaa unakuta bado zina jasho la mwenzako wa usiku. Lakini wateja wameanza kulalamika. Mmoja wa Mwanza aliniuliza kama naongea nikiwa ndani ya pipa. Msimamizi ameshaniita na kunionya.

Juzi nikapita kwenye maduka ya simu pale karibu na Luwum Street. Kijana mmoja akanivalisha AirPods Pro 3, zile mpya za Apple. Dunia ilinyamaza. Akasema zinapima mapigo ya moyo, zinatafsiri lugha ukiwa unaongea na mtu, na betri inakaa masaa manane, yaani zamu yangu nzima. Bei ni laki tisa na nusu. Nitoe laki tatu, nyingine nilipe kwa awamu miezi mitatu. Nikamwambia simu yangu ni Android ya kawaida, akasema hakuna shida, Bluetooth ni Bluetooth.

Pesa zipo na hazipo. Kikundi chetu cha akiba kitagawana Desemba na fungu langu ni milioni moja na laki mbili. Mke wangu anajua hizo ni karo ya muhula wa kwanza, Februari. Mimi namwambia eafoni ni chombo cha kazi. Nikifukuzwa, hiyo karo tutaitoa wapi? Hakubishana. Alisema tu, kwa Kiganda, huku anaosha vyombo: "Ukizivaa unatoka humu ndani, sisi tunabaki." Sijui nimjibu nini mpaka leo.

Rafiki yangu wa kazini anasema ninunue, vitu vya elektroniki lazima ubadilishe kila miaka mitatu. Mwingine ana zinazofanana na zile za dukani kabisa, amenunua elfu hamsini. Na dada kila akipiga simu ya video swali lake la kwanza ni hilo: "Zile bado zinaimba?" Namjibu zinaimba. Nikimwambia nimenunua nyingine, ataona nimechoka na zawadi yake.

Ninunue mpya au nivumilie? Nilitaka kusahau: siku hizi nikilala nasikia mlio mwembamba masikioni, lakini nadhani ni uchovu.

Ni mimi,
Masikio Mawili, Bweyogerere

JIBU LA SHANGAZI

Marahaba mwanangu,

Sijacheka. Kitu anachokivaa mtu kazini, kwenye taksi na kitandani si kitu kidogo. Ila kabla hatujafika kwenye bei, naomba tuanzie pale ulipopita mbio: mlio wa usiku.

Umeuandika mwisho kabisa, baada ya swali lako, kama mtu anayekumbuka kitu akiwa ameshika kitasa cha mlango. Inawezekana kweli ni uchovu. Inawezekana ni nta tu, maana mtu anayevaa eafoni kutwa huisukuma nta ndani na kuizuia isitoke yenyewe. Na inawezekana masikio yamezidiwa na sauti. Mimi si daktari, siwezi kukuchagulia moja kati ya hayo. Ninachoweza ni kukupa hesabu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asisikilize sauti ya desibeli 80 kwa zaidi ya saa 40 kwa wiki, na kila sauti inapopanda kwa desibeli 3, muda huo unakatwa nusu: kwenye 83 unabaki na saa 20, kwenye 86 saa 10. Zamu zako peke yake ni saa 40. Hapo hatujaweka taksi, hatujaweka mpira, hatujaweka kuwakimbia wahubiri wa nyuma ya ukuta. Na wewe mwenyewe umeandika kwamba ya kulia imefifia na "inabidi niongeze". Hebu soma sentensi hiyo na ile ya mlio zikiwa pamoja.

Hospitali ya Mulago wana kitengo cha masikio, pua na koo. Ningependa uone daktari kabla hujaacha hata shilingi dukani, kwa sababu jibu lake linaweza kubadilisha swali ulilonileta nalo. Akikuambia sikio la kulia ndilo lililofifia, na si eafoni, tutakuwa tumeokoa pesa na pengine kikubwa zaidi ya pesa. Akisema ni nta, ataitoa na utaondoka unasikia mpaka sarafu ikianguka jikoni. Akikuambia upumzishe masikio, basi mpya au ya zamani ni kesi nyingine kabisa.

Sasa nirudi kwenye barua. Unavyoliona jambo, uko njia panda: upande mmoja kununua, upande mwingine kuvumilia. Mimi nikiisoma naona eafoni hizo umezipa ajira tatu. Zinakutafutia ugali, zinakuvusha jam, na zinakupa chumba ambacho nyumba yenu haina. Unataka kifaa kimoja kipya kifanye yote hayo kwa mkupuo. Pengine kitaweza. Lakini tuzitazame ajira hizo mojamoja, maana nadhani matatizo yake hayafanani.

Ya kazini ndiyo inayokutia hofu, na hapo kuna jambo ambalo muuzaji hakukuambia, huenda hata yeye halijui. Bluetooth tuliyoizoea hupitisha sauti kwa njia mbili. Ukiwa unasikiliza tu, muziki au mawaidha, inatumia njia pana na sauti inakuja imejaa. Mara tu maikrofoni inapofunguliwa ili uongee, inahamia kwenye njia nyembamba iliyotengenezwa kwa ajili ya simu, na sauti inakonda kwenda na kurudi. Ongeza hapo kwamba maikrofoni ya eafoni ndogo iko karibu na sikio, mbali na mdomo. Mteja wako wa Mwanza hakuwa anakuonea. Eafoni mpya zina maikrofoni bora na akili zaidi ya kuchuja kelele, sikatai. Lakini ukiziunganisha na kompyuta ya ofisi, njia inabaki ileile nyembamba, isipokuwa kompyuta na eafoni zote ziwe na ile Bluetooth mpya inayoitwa LE Audio. Kabla hujaamini kwamba laki tisa na nusu itakutoa kwenye pipa, ulizia kompyuta yenu ina umri gani.

Hedifoni ya waya, yenye mkono wa maikrofoni unaofika mdomoni, haina tatizo hilo wala haiishiwi chaji katikati ya mteja. Tena bei yake haikaribii hata robo ya ile uliyotajiwa. Najua utaniambia ya ofisi ina jasho. Ni kweli, na inakera. Lakini sponji za kuvalisha juu huuzwa peke yake, na mtu anaweza kuwa na zake mfukoni. Nina swali jingine: umewahi kumwandikia msimamizi wako kwamba vifaa vimechakaa? Nauliza kwa sababu kwenye barua yako ofisi inaonekana imekaa pembeni, na wewe umejitwika mzigo wa kuinunulia chombo cha kazi kutoka kwenye karo ya watoto. Ukisema, kuna hatari uonekane mlalamishi, hasa ukiwa umeshaonywa mara moja. Ukisema pamoja na wenzako wawili watatu wa zamu, uzito wake ni tofauti. Wewe ndiye unayemjua bosi wako.

Kuhusu zenyewe za dada, usizizike mapema. Sauti kufifia upande mmoja mara nyingi ni uchafu ulioziba ule wavu mdogo. Vua mpira wa sikioni, uoshe kwa maji na uukaushe kabisa. Wavu wenyewe usiuloweshe. Ugeuze utazame chini, usugue polepole kwa mswaki mkavu laini. Pini na kijiti cha meno viache, vinasukuma uchafu ndani na kutoboa. Ya kushoto nayo, kabla hujasema betri imekufa, futa zile chuma ndogo za kuchajia kwenye eafoni na ndani ya kasha lake. Kuna nyingi zinazodhaniwa zimekufa kumbe zilikuwa hazichaji, zinakaa tu ndani ya kasha.

Ukishafanya hayo na bado inazimika, basi ni betri, na hapo rafiki yako ana sehemu ya ukweli. Betri za lithiamu huchakaa kwa kuchajiwa na kutumika, na joto huziharakisha. Ya eafoni ni ndogo mno, na kila ukiirudisha kwenye kasha inachajiwa tena, kwa hiyo kwa miaka mitatu imefanya kazi kubwa kuliko tunavyodhani. Kinachoudhi ni kwamba kampuni nyingi huzigandisha kwa gundi hata fundi hodari wa mjini akakosa pa kuingilia. Fairphone, kampuni ya Uholanzi, ilitoa mwaka 2024 eafoni ambazo betri yake mtu anaitoa na kuweka nyingine mwenyewe, kwa hiyo si kwamba haiwezekani. (Nikianza hili la gundi sitamaliza, tuliache.) Ninachotaka utofautishe ni uchakavu na kalenda. Apple walitoa AirPods Pro za kwanza Oktoba 2019, za pili Septemba 2022, za tatu Septemba 2025. Hiyo miaka mitatu ni ratiba ya kuuza. Eafoni yako haijui kama kuna mpya iliyotoka.

Nizisemee hizo mpya nazo, maana sitaki uone nakupigia kelele za kizee. Ulichokisikia pale dukani si uongo. Kwa maelezo ya Apple wenyewe, zile za kwanza zilikaa saa nne na nusu zikiwa zinafuta kelele, za pili saa sita, hizi za tatu saa nane. Hiyo ni tofauti ya kweli kwa mtu wa zamu kama yako. Na kufuta kelele kukiwa kuzuri kunaweza kukulindia masikio, kwa kuwa hulazimiki kupandisha sauti ili uishinde injini ya taksi. Hoja hiyo ina nguvu, na ningekuwa wakili wako ningeanza nayo.

Lakini "Bluetooth ni Bluetooth" ni nusu ya habari. Kwenye Android zitacheza, zitafuta kelele, utabonyeza shina lake kubadilisha hali. Kipimo cha mapigo ya moyo kinataka iPhone. Tafsiri inataka iPhone tena isiwe ya chini ya 15 Pro, na ilipoanza lugha zake zilikuwa Kiingereza, Kifaransa, Kijerumani, Kireno na Kihispania. Kiswahili, kinachokulipa mshahara, hakikuwemo. Hata kuzisasisha programu yake utahitaji kuazima kifaa cha Apple. Kwa hiyo jiulize, katika ile laki tisa na nusu, ni kiasi gani unalipia vitu ambavyo simu yako haitavigusa? Samsung, Sony na Nothing wana eafoni zenye programu zinazokaa kwenye Android yako, na hata oraimo, ambao wako kila kona ya Kampala, baadhi ya eafoni zao ziitwazo FreePods zinafuta kelele kwa sehemu ndogo ya bei hiyo. Hazitakupa ukimya uleule. Swali ni kama unahitaji ukimya uleule.

Zile za elfu hamsini za mwenzako zinafanana kwa umbo, na hapo ndipo ufanano unapoishia. Wanaiga mpaka namba ya utambulisho, kwa hiyo hata ukiikagua mtandaoni ikakubali, bado hujapona. Na feki isiyofuta kelele vizuri itakufanya ufanye jambo lilelile ninalolihofia: kuongeza sauti.

Sasa nyumbani. Hapa nimekaa zaidi, na nakuomba nawe ukae.

Jinsi kufuta kelele kunavyofanya kazi: maikrofoni za nje zinasikia kelele, kifaa kinatengeneza wimbi la sauti lililo kinyume chake, na mawimbi hayo mawili yanauana. Inafanya vizuri sana kwenye mngurumo unaokwenda bila kubadilika, injini, feni, jenereta. Kwenye sauti za watu, kilio cha mtoto, mhubiri anayepanda na kushuka, uwezo wake unapungua. Kule Luwum Street ulichofutiwa kwa sehemu kubwa ni mvumo wa magari. Nyumbani kwako kelele ni ya namna nyingine, na sina hakika kwamba ule ukimya wa dukani utakufuata mpaka Bweyogerere. Huenda ukalipa deni miezi mitatu ndipo ukagundua sauti ya shemeji akishangilia bao bado inapenya.

Halafu kuna maneno ya mkeo. Wewe umeyasikia kama jibu kwenye mjadala wa pesa, ndiyo maana unatafuta namna ya kumjibu. Sijui kama alikuwa anazungumzia pesa. Hakutaja karo. Alisema unatoka, wao wanabaki. Nimejaribu kukiona hicho chumba na sebule kwa upande wake: spika za kanisa ni zilezile, mpira ni uleule, kijiko kinachogombaniwa ni kilekile, na yeye hana cha kuweka masikioni. Kwa muda huo wote ambao wewe unapumua, kuna mtu anayeiangalia kelele peke yake. Inawezekana nimekosea, simjui. Angeweza kuwa anamaanisha kwamba anakutamani tu, mketi mzungumze. Ndiyo maana ningefikiria kumuuliza badala ya kumjibu. Muulize yeye anapumzikia wapi na saa ngapi. Usimuulize ukiwa na kimoja sikioni.

Mazungumzo hayo yana hatari yake, nisikudanganye. Ukiuliza swali kama hilo unaweza kupewa zaidi ya ulichoomba. Anaweza kukuambia ya mwaka juzi. Pia anaweza kucheka na kusema amechoka tu, mpite. Kuna familia ambazo zimekubaliana saa: baba akirudi anapewa nusu saa yake ya ukimya bila lawama, halafu watoto wanakuwa wake na mama naye anatoka nje, kwa jirani au popote. Kuna nyingine makubaliano hayo hayakumaliza hata wiki. Shemeji naye ni mkubwa wa kutosha kuambiwa atumie eafoni za waya akitazama mechi. Za kwake hata elfu ishirini hazifiki. Na kanisa, mwanangu, Uganda ina kanuni za kudhibiti kelele tangu 2003. Sisemi uwashitaki watu wa Mungu. Nasema mwenyekiti wa LC1, yaani wa serikali ya mtaa wenu, yupo, na huenda majirani wengine wanasubiri mtu wa kwanza kuuliza kama spika moja inaweza kugeuzwa uelekeo.

Ya pesa nitaisema kwa kifupi kwa sababu hesabu unaijua. Ukitoa laki tisa na nusu kwenye milioni moja na laki mbili, inabaki laki mbili na nusu, na Februari haiahirishwi. Awamu zinafanya bei ionekane ndogo, lakini eafoni ni kitu cha kudondoka. Ukivua helmeti kwenye boda inaondoka nayo. Dirisha la taksi likiwa wazi Nakawa, kuna vijana wenye mikono myepesi. Apple hawana duka lao wenyewe Uganda, kwa hiyo ukipoteza upande mmoja, uliza mapema utaupata wapi na kwa kiasi gani, na kumbuka utakuwa bado unalipia ule uliopotea. (Na kwenye boda naomba usivae zote mbili, hata kama ni abiria tu.) Kwa upande mwingine, kusubiri nako si bure. Ukisubiri mpaka bei za matoleo ya nyuma zishuke huku ukiendelea kuongeza sauti kwenye ile iliyofifia, unaokoa shilingi na kutumia masikio. Ikiwa utasubiri, kinachotakiwa kibadilike leo ni sauti, hata kama kifaa hakibadiliki. Na lolote utakaloamua, mkeo alijue kabla ya mgao wa Desemba. Pesa iliyopangwa na wawili ikitumiwa na mmoja, hata kwa sababu nzuri, hugeuka kuwa jambo lingine kabisa.

Dada yako. Unahofia kwamba ukisema zimechoka ataona umeichoka zawadi. Mimi nasikia swali lake tofauti kidogo: mtu aliyejinyima ili kaka yake apate kitu anataka kujua kama bado kinamfaa. Kifaa cha 2022 kikichoka baada ya kuvaliwa kila siku, hiyo ni sifa kwa zawadi. Na kuna faida ya ukweli hapa. Yeye yuko kule zilikonunuliwa, huenda risiti bado anayo, na zipo kampuni zinazouza upande mmoja peke yake. Hilo halitajulikana kama kila akipiga anaambiwa zinaimba. Hatari iliyopo ni kwamba, nikiwajua akina dada wakubwa, anaweza kusema atakununulia nyingine. Jiandae utamjibu nini, maana naye ana maisha yake kule.

Siku utakayorudi dukani, ukirudi, nenda saa ambayo watu si wengi na uende na simu yako mwenyewe. Ziunganishe na hiyo Android, uone nini kinafanya kazi na nini hakifanyi. Piga simu kwa mtu aliye mbali, mwambie akueleze anavyokusikia, kwa sababu masikio yako hayawezi kukuambia hilo. Kisha omba risiti yenye muda wa dhamana na jina la atakayezipokea zikiharibika. Akianza kukuambia dhamana ni maneno yake tu, utajua umesimama wapi.

Lakini daktari wa masikio kwanza, tafadhali. Ukitoka kwake niandikie alichosema.

Wako,
Shangazi